Kumnenepesha Mume kwa Ajili ya Barafu

Wapo wanaonenepesha nguruwe wa Krismasi. Mimi nilinenepesha mume. Kila asubuhi kabla hajatoka nilimkorogea uji na kuutia siagi, kijiko juu ya kijiko, mpaka ukang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kazini alibeba fufu na sombe, majani ya muhogo yaliyoogelea kwenye mawese. Jioni alikula nyama na mafuta yake yote, watoto wetu wawili wakimwangalia. Siku moja yule mdogo akaniuliza kama baba ni mgonjwa. Nikamwambia baba anakwenda mahali penye baridi, na mtu mwembamba akienda huko hufa. Nilivyoambiwa ndivyo nilivyomwambia. Lakini niliona aibu, maana kwenye maghorofa ya Albert Park mjini Durban ukikaanga kitu ngazi nzima inanusa, na majirani walijua vizuri kwetu nani anakula na nani anaonja.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa frigo kubwa ya nyama huko Pinetown. Kazi yake ilikuwa kupanga maboksi ya kuku ndani ya chumba chenye baridi ya kugandisha mate mdomoni. Wenzake waliingia humo kwa manung'uniko na kutoka mbio. Yeye alipapenda. Aliniambia humo ndani hakuna anayemuuliza ametoka wapi wala atarudi lini kwao, kuna maboksi na kimya basi. Nilidhani anatania.

Ndipo akaja mzungu mmoja kutoka Bluff, mtaa wa kando ya bahari, rafiki wa mwenye frigo. Aliomba alale humo ndani na hema lake na mfuko wake wa kulalia, aone kama vinafaa. Alikuwa anajitayarisha kwenda Ncha ya Kusini, chini kabisa ya dunia, kwa miguu iliyofungwa ski, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji, huku akikokota mizigo yake mwenyewe kwa muda wa miezi miwili. Durban haina theluji. Mtu wa Durban akitaka kujua baridi ni nini, inambidi alale na kuku. Mume wangu alipewa kazi ya kufungua mlango mara kwa mara kuangalia kama mgeni bado yu hai. Wakaanza kuzungumza. Mzungu akamuuliza anawezaje kukaa humo siku nzima bila kulalamika, mume wangu akajibu kwamba hajaona cha kulalamikia. Kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa ameambiwa msafara una nafasi ya mtu wa nne, na mtu huyo anaweza kuwa yeye.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nasuka nywele katika saluni ya dada mmoja wa kwetu, mkubwa kwangu, nikimwita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa. Nilipomsimulia, naye alicheka, na wateja wakacheka. Tulitoroka vita kwa miguu tangu Kivu, Kongo, tukapita nchi kwa nchi, na leo mtu aliyeonja kutembea kwa lazima anataka kutembea kwa hiari, tena mahali ambapo hakuna mtu wala duka wala mti. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu wangu alikuwa amekwisha kuijua njaa. Sikuelewa anataka nini.

Jumamosi, na Jumapili mchana baada ya kanisa, alikwenda Bluff kukokota matairi. Hivyo ndivyo wanavyojizoeza. Mtu anavaa mkanda mpana kiunoni na mabegani, nyuma yake inafungwa kamba, na mwisho wa kamba kuna tairi la gari, baadaye mawili, baadaye matatu, naye anatembea mchangani mbele, nyuma, mbele, nyuma, jua limemkalia kichwani. Nilikwenda mara moja na watoto kumtazama. Mzungu na wenzake wawili walikuwa wamevaa kofia na miwani, wanacheka. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye viwiko, na uso wake ulikuwa na amani ambayo sijaiona hata siku ya harusi yetu. Baba mmoja Mzulu aliyekuwa akivua samaki kwa ndoano alinisogelea, akaniuliza kwa upole huyu mtu ameiba nini hata wanamwadhibu namna hii. Nilimjibu kwamba ni mume wangu. Akanipa pole, akarudi kwenye ndoano yake.

Wakati huo mimi nilikuwa na neno moja moyoni, nalo lilikuwa kutoka. Nilikuwa nalo tangu zile fujo za 2008, tulipojifungia na kuburuta kitanda mlangoni huku tukisikia vijana barabarani wakiita wageni watoke. Hawakutufikia. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia watu wanaimba barabarani, hata kama ni harusi, naacha kichwa cha mteja na kutazama mlango. Wengine walikuwa na ndugu Canada, wengine Australia, wamejaza dosie zao, zile faili za maombi ya kuhamia, wanangoja kuitwa. Sisi hatukuwa na mtu wala dosie iliyosogea. Watoto wangu walikuwa wanakua mahali ambapo nilikuwa nawafundisha kunyamaza ndani ya teksi ili lugha yao isisikike.

Basi siku moja mume wangu akarudi kutoka Bluff, akakaa, akasema kwamba kabla ya kwenda huko chini ya dunia msafara wote utakwenda kwanza wiki tatu kujifunza kwenye theluji ya kweli, na yule mzungu ameahidi kuhangaikia karatasi zake mpaka zipatikane. Nikamuuliza theluji hiyo iko wapi. Akasema Norwei.

Tangu siku hiyo niliongeza siagi bila kuambiwa.

Asiyekuwa wa kwetu huenda asielewe nitakachosema sasa. Kwetu, mtu anayekwenda Ulaya kubaki hasemi kwamba anakwenda kubaki. Hasemi kwa rafiki, hasemi kanisani, hata mkewe hamwambii waziwazi. Anasema anakwenda kwenye semina, au kumwona daktari, au kwenye harusi ya binamu, atarudi baada ya wiki mbili. Wote wanaitikia, "Ndiyo, wiki mbili," na wote wanajua. Si uongo, ni adabu ya safari. Neno likisemwa mapema linasikiwa na wabaya, na mlango unafungwa. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kusema kwa kila mtu, "Nakwenda wiki tatu kujifunza kuteleza, halafu narudi," watu walimsifu kwa jinsi alivyojua kufunga mdomo. Na ile habari ya matairi na siagi ilionekana ni mpango wa kipekee. Yaya aliniambia, "Dada, bwana wako iko na akili. Mwaka muzima anakokota mapinyo juu ya viza tu." Mapinyo ni matairi, na kwetu "juu ya" ni "kwa ajili ya".

Nami niliamini hivyo. Niliamini kwamba huo wazimu wote ulikuwa na mlango nyuma yake, na kwamba alikuwa akitufungulia sisi.

Mchungaji alikuja nyumbani kumwombea. Tulijaa chumbani mpaka wengine wakasimama korido. Akasoma habari za mke wa Lutu, aliyegeuka kutazama nyuma akawa nguzo ya chumvi, akamsihi Mungu ampe mtumishi wake shingo isiyogeuka. Watu wakaitikia amina kwa kishindo. Mume wangu, mtu mnyofu mpaka inaudhi, akainua mkono akasema, "Asante, mchungaji, lakini mimi narudi tarehe kumi na tisa." Chumba kizima kilicheka kwa furaha. Mama mmoja alimpigapiga begani kumkubalia, akasema, "Njo vile, papa. Sema vile vile mpaka aeroport."

Nilipokuwa nampangia mzigo nilimwambia, "Ukifika usihangaike kutupigia simu. Tulia kwanza."

"Wiki tatu tu," akasema. "Nitarudi."

Nilimshika mkono nikauminya. Naye akauminya wangu. Hapo nilijua kwamba tumeelewana, na kwa wiki tatu nzima ndoa yangu yote ilisimama juu ya kile kiganja.

Kwetu pia mtu akiondoka nafasi yake haiachwi ilale bure. Tuko wengi, na kila kitu ni kidogo. Binamu yangu alikuwa amefika karibuni kutoka kambi ya Malawi, mtu mzima mwenye mke na mtoto aliowaacha huko, hana kazi wala pa kulala. Wiki ya kwanza haijaisha nilimpa upande wa chumba wa mume wangu, tukafunga pazia katikati. Nilimpa nguo, maana aliyekwenda Ulaya hana haja ya mashati ya huku. Nilimpa viatu vya kazi. Mwisho nikampeleka Pinetown mimi mwenyewe, nikamwambia msimamizi wa frigo kwamba mume wangu amesafiri na huyu ni ndugu yake, mwenye nguvu kama yeye. Msimamizi akamtazama mara moja, akampa koti lile lile. Yule binamu alimtumia mkewe habari kwamba Mungu ni mwema.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa Jumamosi. Saluni ilikuwa imejaa, mimi nimesimama nyuma ya mteja nimefika katikati ya msuko. Mlango ukafunguliwa, akaingia mume wangu na begi lake mgongoni. Uso ulikuwa umeungua ukawa mweusi zaidi, isipokuwa mviringo wa miwani kuzunguka macho, na kwenye shavu moja alikuwa na alama pale alipoumwa na baridi. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amewaletea watoto chokoleti.

Hakuna aliyemsalimu.  Yaya ndiye aliyesema kwanza.

"Weye," akamwambia, "juu ya nini?"

"Juu ya nini nini?"

"Ulifika Bulaya, na ulirudi. Juu ya nini?"

Alitazama huku na huku, akanitazama mimi. "Nilisema nitarudi," akasema. "Si nilisema?"

Mimi nilimaliza ule msuko. Sikumbuki nilivyoumaliza, lakini mteja hakulalamika.

Nyumbani alimkuta binamu yangu amekaa kitandani kwake amevaa shati lake. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaanza kunieleza habari za theluji, eti ina sauti, ukiikanyaga asubuhi inalia tofauti na jioni, eti walilala katika hema upepo ukivuma na yeye peke yake hakuogopa, eti mwalimu wao alimsifu mbele ya wote. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mambo mengine siwezi kuyaandika. Jumatatu alikwenda Pinetown kudai kazi yake, msimamizi akamwambia nafasi ina mtu, na mtu huyo anafanya vizuri. Watu walitarajia nimwombe msamaha. Sikuomba, na hata leo siombi. Mimi nilifanya yanayofanywa na kila mke wa pale Albert Park ambaye mumewe amepanda ndege. Yeye ndiye aliyefanya jambo ambalo halijafanywa na mtu.

Binamu alibaki na kazi, kwa kuwa alikuwa na mke na mtoto wa kulisha, na yule mpumbavu wangu si mtu wa kumnyang'anya mwingine kazi. Mume wangu akawa mlinzi wa magari karibu na ufukwe, kazi ya kuinua mkono kuwaongoza wanaoegesha. Mazoezi hakuacha. Asubuhi alivaa ski fupi zenye magurudumu, alizoazimwa Bluff, akapita kando ya bahari, watoto wa shule wakimkimbiza na kumwita majina. Nilikuwa sitii tena siagi kwenye uji wake. Akainunua mwenyewe.

Miezi michache kabla ya msafara yule mzungu alimwita Bluff. Alirudi mapema kuliko kawaida. Mfadhili fulani amejitoa, akasema, na ndege ya kwenda kwenye barafu ina viti vitatu walivyoweza kupata. Mzungu alisikitika sana, alishika kichwa, mkewe alileta chai. Alimpa zile ski ndefu alizotumia Norwei ziwe zake kabisa. Mume wangu alizibeba begani ndani ya teksi mbili kutoka Bluff mpaka kwetu, abiria wakilalamika. Tulizisimamisha nyuma ya mlango, na kila nilipofagia ziliniangukia.

Nilimwambia, "Walikutaka kwa ajili ya picha. Mweusi mmoja katikati ya barafu nyeupe, picha inapendeza. Picha ya Norwei wamekwisha piga."

Akasema hapana, ni viti.

Wale watatu walipoondoka alikwenda kila siku kwenye duka la simu la Mrundi mmoja jirani, akalipa dakika za intaneti, akasoma wamefika wapi. Alirudi ananiambia leo upepo uliwazuia hemani, leo wamevuka mahali pabaya, leo mmoja ana kidonda mguuni. Alisimulia bila kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Mimi nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili, na ilibidi niibebe peke yangu. Walipofika kwenye Ncha alituambia huku machozi yanamlengalenga, na akawanunulia watoto soda.

Mnaweza kuuliza niliishije naye baada ya hapo. Niliishi kwa sentensi moja. Saluni watu hawakuchoka kunicheka. Kila mteja mpya alisimuliwa habari za mwanamume aliyefika Norwei akarudi Albert Park kuegesha magari ya watu. Mwanzoni niliendelea kusuka. Siku moja, mwanamke ambaye mumewe alikuwa Ubelgiji miaka mingi bila hata kupiga simu aliniuliza mbele ya watu kama bwana wangu ana akili timamu. Nikaweka kitana chini, nikamwambia, "Mume wangu alirudi kwa ajili ya watoto wake. Hakuweza kuwaacha. Wa kwako je?"

 Kisha mama mmoja mzee akasema polepole kwamba wanaume wa namna hiyo wamekwisha duniani. Tangu siku hiyo sikuchekwa tena sana. Nikaisema sentensi hiyo mara nyingi, kanisani, sokoni, kwa mama yangu kwenye simu, aliyekuwa amelia wiki nzima kwa ajili ya ile safari iliyopotea. Nikaisema mpaka nami nikaanza kumwona hivyo. Tulikuwa tumekosa Norwei, lakini nilikuwa na mwanamume aliyegeuza shingo kwa sababu yetu. Usiku wa fujo, nilijiambia, afadhali baba mlangoni kuliko baba kwenye simu. Sikumwuliza mwenyewe. Niliona hakuna haja ya kumuuliza mtu jambo ambalo ameshalifanya.

Fujo zikarudi mwaka 2015. Safari hii zilitufikia. Saluni ya yaya ilivunjwa mchana kweupe, viti vikachukuliwa, na sisi tukatoka na watoto na mifuko miwili. Tulipelekwa kwenye uwanja wa michezo uliojazwa mahema, Wakongo, Warundi, Wamalawi, wote pamoja, tukipanga foleni ya maji na foleni ya chakula. Mwanangu mkubwa, ambaye sasa alielewa kila kitu, aliniuliza kwa nini sisi hatuna ndugu nje kama wenzake.

Mchana huo tulikuwa tumekaa kando ya hema, mume wangu na mimi, watoto wamekwenda kucheza. Nilikuwa nimechoka hata kuchukia. Nadhani nilikuwa nataka kusikia neno moja tamu, tena nililijua ni lipi, na ndiyo maana nikamuuliza.

"Baba watoto," nikasema, "kule Norwei, ulirudi juu ya nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nilitaka kufika kwenye Ncha," akasema. "Kama ningebaki kule wangeniondoa kwenye msafara."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Na sisi?"

Hapo alifikiri. Aliukunja uso, kama mtu anayetafuta kwa bidii kitu alichoambiwa kipo mfukoni mwake. Nimesema ni mtu mnyofu.

"Nyinyi mulikuwa hapa," akasema.

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni ya chakula, naye nyuma yangu ameshika sahani za watoto. Mama mmoja Mrundi aliyekuwa mbele yetu aligeuka. Alikuwa amesikia habari zetu. Aliuliza, bila ubaya, kama ni kweli kwamba bwana huyu alifika Ulaya na akarudi mwenyewe, na alirudi kwa nini.

"Kwa ajili ya watoto wake," nikamjibu. "Hakuweza kuwaacha."

Yule mama akamtazama mume wangu kwa heshima, akamwambia Mungu ambariki. Mume wangu aliangalia sahani. Foleni ikasogea, nasi tukasogea.